Ukuta na Nyasi katika Milima ya Ngara na Biharamulo

Mji wa Biharamulo, katika nchi iliyo magharibi ya Ziwa Viktoria, umekaa juu ya kilima, na hapo lipo boma la kuta nene lililojengwa na Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20. Boma hilo limewaona Wajerumani wakiondoka, Wabelgiji wakija na kwenda, na Waingereza wakitawala hata bendera yao ikateremshwa mwaka 1961. Nalo lingali limesimama. Kabla yake, katika vilima vya nchi hiyo hiyo, walikaa wafalme wa Rusubi na raia zao katika nyumba za msonge zilizoezekwa kwa nyasi. Nyumba hizo hazipo tena. Mgeni akifika na kuuliza habari za kale za mahali hapo, huonyeshwa ukuta; na kwa kuwa jicho huamini kile linachokiona, huondoka akidhani kwamba habari ilianza siku ukuta ulipoanza.

Kutokana na hali hiyo huzuka swali ambalo si la wajenzi wala la watunza makumbusho peke yao, bali ni la kila mtu mwenye akili ya kupima haki. Je, kilichobaki ndicho kilichostahili kubaki? Na watu wanaposema kwamba makao ya kale yahifadhiwe, deni wanalotaka kulilipa ni la nani: la vitu, la wafu waliovitengeneza, au la walio hai wanaolala ndani yake? Swali hili lina uzito pote duniani, lakini katika wilaya za Ngara na Biharamulo lina uzito wa pekee, maana huko ukuta na nyasi viliwekwa karibu karibu mbele ya wakati, na kimoja kimeshinda bila ya kesi kusikilizwa.

Ni vema kwanza kueleza makao yenyewe. Wilaya ya Ngara ina nchi mbili za zamani, Bugufi ya Wahangaza na Bushubi ya Washubi. Katika Bugufi, kama ilivyokuwa katika Burundi jirani yake, watu hawakuzoea kukaa katika vijiji vilivyosongamana. Mlima ndio uliokuwa mtaa. Kila mji wa mtu ulizungushiwa ua wake, ukaitwa rugo, na kando ya ua ilipandwa migomba. Samadi ya ng'ombe ilirudishwa shambani, taka za nyumbani zikatupwa chini ya migomba, na udongo uliokuwa karibu na nyumba ukazidi kunenepa mwaka hata mwaka. Mtu akiulizwa atokako hakutaja barabara wala namba ya nyumba. Alitaja mlima, na aliyemsikia alijua wazazi wake ni nani, majirani zake ni nani, na kitovu chake kimezikwa wapi.

Katika makao ya namna hii, uzee wa mahali haukuwa ndani ya nyumba. Nyumba ya nyasi ni kitu cha muda. Mchwa hula nguzo, mvua huozesha paa, moto huweza kuimaliza kwa saa moja. Aliyeijenga alijua tangu siku ya kwanza kwamba ataijenga tena, au mwanawe ataijenga. Uzee ulikuwa katika shamba la migomba, katika kaburi lililo nyuma ya ua, katika njia iteremkayo kisimani, na katika jina la mlima. Zaidi ya hayo, ulikuwa katika desturi ya kuitana. Siku ya kuezeka, mwenye nyumba hakuezeka peke yake. Majirani walileta nyasi na fito, na yeye naye alijua kwamba siku ya kwao itakapofika hana budi kwenda. Paa lilipooza, ujirani ulipata nafasi ya kujitengeneza upya pamoja na paa.

Historia haikuyaacha makao hayo yakae kwa amani. Mwishoni mwa mwaka 1861 msafiri wa Kiingereza, John Hanning Speke, alipita katika nchi aliyoiandika kwa jina la Usui, ambayo ndiyo Rusubi, akielekea Karagwe na Buganda. Mfalme wake alikuwa Suwarora. Speke alicheleweshwa na kutozwa hongo, akaandika malalamiko mengi juu ya hongo hiyo katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1863. Msomaji wa leo aweza kuyasoma malalamiko yale kwa namna nyingine: ni ushahidi kwamba palikuwa na utawala uliojua mipaka yake, uliokuwa na wajumbe, na ambao mgeni hakuweza kuupita bila ya kuomba njia. Ufalme ule haukujenga kwa chokaa, lakini ulitosha kumzuia mtu mwenye bunduki akae akingoja ruhusa.

Miaka thelathini na tatu baadaye, mwaka 1894, Mjerumani aitwaye von Götzen alivuka mto Kagera penye maporomoko ya Rusumo, katika nchi ambayo leo ni Ngara, akaingia Rwanda. Huyo na waliomfuata hawakuwa wapita njia. Boma la Biharamulo lilijengwa ili liamuru nchi yote iliyo chini yake. Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka, majeshi ya Wabelgiji yaliingia Biharamulo mwezi Juni 1916, na nchi ikakaa mikononi mwao mpaka Waingereza walipokabidhiwa mwaka 1921. Wakati wa kugawa mipaka, Bugufi, ambayo ilikuwa imefungamana na ufalme wa Burundi kwa lugha, kwa ukoo na kwa utawala, ilibakizwa upande wa Tanganyika. Kwa hiyo mtu wa Bugufi aliweza kuzeeka katika rugo moja, asihame hata hatua moja, na huku ametawaliwa na mataifa matatu ya Ulaya. Karatasi zilibadilika, mlima haukubadilika.

Sasa itazamwe sheria, maana sheria ndiyo mkono ambao taifa hutumia kuhifadhi. Serikali ya Kiingereza ilitunga sheria ya kuhifadhi majengo ya kale mwaka 1937, na baada ya uhuru ikafuata Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Sheria hii ya pili iliweka mpaka wa wakati: kilichojengwa na mkono wa mwanadamu kabla ya mwaka 1863 kikapewa ulinzi kwa nguvu ya umri wake tu, na cha baadaye kikasubiri Waziri akitangaze. Sheria yoyote haina budi kuweka mpaka mahali fulani, na walioitunga hawastahili lawama kwa hilo. Walakini matokeo yake katika milima hii yapaswa kuangaliwa. Hakuna paa la nyasi lililoezekwa kabla ya mwaka 1863 ambalo lingeweza kuwapo mwaka 1964. Makao ya Suwarora hayangeweza kulindwa, si kwa sababu yalidharauliwa, bali kwa sababu sheria ilijua kulinda kitu kilichodumu, na haikujua kulinda kitendo kilichorudiwa. Boma, ambalo ni changa kuliko ufalme kwa vizazi vingi, lilibaki na mwili wa kutangazwa. Ufalme haukubaki na mwili.

Mbele ya jambo hili watu hugawanyika katika maoni mawili, na yote mawili yana ukweli ndani yake na kosa ndani yake.

Wa kwanza husema: boma ni alama ya aibu, basi liachwe libomoke. Kuta zile zilijengwa ili watu watozwe kodi, wapigwe viboko na kutumwa kazi wasizozipenda. Kuzipaka chokaa kila mwaka ni kumpaka chokaa aliyewapiga. Hasira hii ina asili ya haki, na asiyeihisi hata kidogo labda hajafikiri. Lakini haifiki mwisho mwema. Kwanza, mikono iliyobeba kila kilichobebwa kupanda kilima kile haikuwa ya Wajerumani. Ilikuwa mikono ya wenyeji ambao majina yao hayakuandikwa popote. Ukuta ule ndio daftari pekee la jasho lao, na anayelibomoa daftari hamwadhibu aliyedhulumu, ambaye amekwisha kufa katika nchi ya mbali. Humnyima aliyedhulumiwa shahidi wake. Pili, Kiswahili chenyewe kilipanda milima hii kwa njia za namna hiyo hiyo: kwa misafara ya biashara, ambayo haikubeba pembe peke yake bali na watumwa, na kwa boma, ambako karani na askari walikitumia kuamuru. Leo Mhangaza na Msubi hukitumia kuoa, kusali, kudai haki barazani na kuandikiana barua. Kitu kilicholetwa kwa nguvu kimegeuzwa mali ya waliolazimishwa. Kama lugha yaweza kugeuzwa hivyo, ukuta nao waweza, mradi ukweli wake usifichwe.

Tena nyasi nazo hazikuwa safi kama malaika. Nyumba kubwa ya mfalme au ya mwami haikuezekwa kwa ujirani peke yake. Raia walipeleka nyasi kwa amri, walilima shamba la mkubwa kabla ya lao, na walio chini hawakuulizwa kama wamependa. Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika ilipoondoa mamlaka ya watawala wa jadi, wajibu wa kuwajengea uliondoka pamoja nayo. Wengi walihuzunika, na wengine walipumzika. Kwa hiyo mwenye kuhifadhi hawezi kusema kwamba ukuta ni dhuluma na nyasi ni upole. Katika vyote viwili pana kazi ya hiari na kazi ya shuruti, na uaminifu humtaka ayasimulie yote mawili.

Wa pili husema: basi nyasi zihifadhiwe, na wenyeji wazuiwe kuzitupa. Milima yao ilikuwa mizuri, mabati yameiharibu. Watu washauriwe, na ikibidi washurutishwe, kukaa kama wazee wao walivyokaa. Maoni haya husemwa kwa sauti ya mapenzi, na kwa sababu hiyo ni ya hatari kuliko yale ya kwanza. Na afikiriwe mjane aliye na watoto wanne juu ya mlima wa Ngara. Paa lake la nyasi huvuja kila masika. Nyasi nzuri za kuezekea zimepungua kwa sababu malisho yamegeuzwa mashamba, na vijana waliokuwa wakija kusaidia kuezeka wamekwenda mjini kutafuta kazi. Ameuza kahawa, ameweka akiba, anataka kununua mabati. Aje mtu anayelala chini ya dari kavu amwambie kwamba paa lake ni urithi wa taifa, hivyo aendelee kulowa: hapo urithi umekuwa jina zuri la ukatili. Atakaye uzuri wa nyumba ya mwenziwe abebe gharama yake. Asiyetaka kubeba gharama hana haki juu ya uzuri. Kanuni hii si ngumu, lakini imesahauliwa katika miji mingi ya kale duniani, ambako maskini wamekatazwa kubadili madirisha yao ili matajiri wapate cha kutazama.

Kati ya maoni hayo mawili ipo njia, nayo yaonekana zaidi ikiangaliwa mifano iliyo nje ya wilaya hizi. Katika mlima wa Kasubi, mjini Kampala, Kabaka Muteesa wa Kwanza alijenga jumba lake mwaka 1882, na alipokufa mwaka 1884 likawa kaburi lake. Makabaka watatu waliomfuata nao wakazikwa humo. Nyasi za paa lile kubwa hubadilishwa na watu wa ukoo wa Ngeye, ambao kazi hiyo ni haki yao na wajibu wao. Mwaka 2001 Kasubi iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Tarehe 16 Machi 2010 moto uliiteketeza. Kama thamani yake ingalikuwa katika nyasi na fito zile zile, basi usiku ule ingalikwisha. Lakini ukoo ulikuwapo, ujuzi ulikuwapo, makaburi yalikuwapo, na watu walitaka. Kazi ya kujenga ikafanywa kwa miaka mingi, hata mwaka 2023 Kasubi ikaondolewa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Huko Japani vilevile, hekalu la Ise hujengwa upya kila baada ya miaka ishirini, na mara ya karibuni ilikuwa mwaka 2013. Mbao ni mpya, na hakuna anayesema kwamba hekalu ni jipya.

Karibu zaidi na Biharamulo, katika mkoa huo huo wa Kagera, kuna Katuruka ya Bukoba. Wachimbuzi wa mambo ya kale walikuta huko mabaki ya uyeyushaji wa chuma wa zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita, mahali ambapo masimulizi ya Wahaya yalikuwa yakipataja tangu zamani kwa jina la mfalme Rugomora Mahe. Baadaye wenyeji wenyewe waliamua kupatunza mahali pale na kuijenga tena nyumba ya kifalme. Aidha, katika miaka ya 1970 wazee wa Kihaya, ambao walikuwa wameiacha kazi ya kuyeyusha chuma kwa sababu chuma cha dukani kilikuwa rahisi, waliombwa waifanye tena. Mikono ilikuwa imesahau kiasi, wakajaribu na kurudia, na mwisho chuma kikatoka. Katika mifano hii yote kilichohifadhiwa ni kitendo, na pamoja na kitendo, watu wanaojuana kwa kukitenda. Wataalamu wa dunia nao walikuja kukiri jambo hili kwa kuchelewa. Mkataba waliouandika Venice mwaka 1964 ulitazama zaidi kitu chenyewe na mabaki yake. Ilipofika mwaka 1994, katika mkutano wa Nara nchini Japani, walikubali kwamba uhalisi wa urithi hupimwa kwa kipimo cha utamaduni ulioutoa.

Mwenye kufikiri atauliza: nyumba iliyojengwa upya ni ile ile? Kama kila nguzo imebadilishwa, kimebaki nini cha kuitwa cha kale? Jibu la swali hili halihitaji kutafutwa mbali. Limo katika kila shamba la migomba. Mgomba huzaa mkungu mmoja, kisha hukatwa. Kando yake chipukizi limekwisha kusimama. Hakuna shina katika shamba lililo na umri wa babu, lakini shamba ni la babu, na mjukuu hasemi uwongo anaposema hivyo. Kinacholifanya liwe lile lile ni kwamba hapakupita msimu ambao mtu hakulipalilia kwa kukumbuka aliyempa. Basi nyumba iliyojengwa upya ni ile ile pale ambapo anayeijenga anajiona mdaiwa wa aliyeijenga kwanza, na wale wanaoijua wanakubali. Si ile ile pale ambapo uzi umekatwa, kisha mtu asiye na deni lolote akaiga sura yake ili auze tiketi. Kuiga huko huenda kukawa na faida yake, kwa mafundisho au kwa biashara, lakini kusiitwe kuhifadhi.

Hapa yafaa kusemwa jambo zito zaidi, maana katika wilaya hizi uzi umekatwa mara nyingi. Katika miaka ya kati ya vita vikuu viwili, ugonjwa wa malale uliwafanya watawala wa Kiingereza wawahamishe watu wa sehemu za Biharamulo kutoka katika makao yao yaliyotawanyika, wakawakusanya katika makazi mapya ili mbung'o wasiwafikie. Nia ilikuwa kuokoa maisha, na pengine yaliokolewa. Lakini nchi iliyoachwa ilishikwa na pori. Mwaka 1959 sehemu ya nchi ya Biharamulo ilifanywa pori la akiba la wanyama, na mwaka 2019 pori hilo likaunganishwa na mengine kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Neno hifadhi hapa latumika kwa wanyama na miti. Anayeingia humo akidhani anaona nchi ambayo haijapata kukaliwa aweza kukosea sana. Baadaye, mwezi Novemba 1973, serikali ilitangaza kwamba kukaa katika vijiji si hiari tena bali ni amri, na kabla ya mwisho wa mwaka 1976 mamilioni ya watu nchini walikuwa wamehamishwa. Shabaha ilikuwa shule, maji na zahanati, nazo ni shabaha njema. Hata hivyo aliyebomolewa nyumba yake alijua kwamba kuna kitu ambacho zahanati haikirudishi.

Kisha ukaja mwaka 1994. Mwishoni mwa mwezi Aprili, kwa muda wa siku moja hivi, watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda wakaingia Ngara. Vilima vya Benaco, vilivyoitwa hivyo kwa jina la kampuni ya Kiitalia iliyokuwa imejenga barabara, vikafunikwa na vibanda vya matawi na maturubai. Kwa miezi kadhaa mitaa ya milimani yenye watu wengi kuliko miji mingi ya Tanzania ilisimama mahali ambapo jana palikuwa na nyasi. Palikuwa na masoko, vinyozi, ibada, mazishi na watoto waliozaliwa. Miti ya wenyeji ilikatwa kwa kuni, visima vikakauka, nao wenyeji waliwapokea watu ambao baadhi yao walikuwa wamekimbia kifo na baadhi walikuwa wamekisababisha. Mwezi Desemba 1996 wakimbizi walirudishwa kwao, na vibanda vikatoweka haraka kuliko vilivyoota.

Hakuna atakayependekeza kwamba maturubai yale yahifadhiwe, na hakuna mwenye kuyatamani. Walakini hapo ndipo maana ya kuhifadhi hupimwa kwa kweli. Kama kuhifadhi ni kusifu, Benaco haina la kuhifadhiwa. Kama kuhifadhi ni kutunza kinachopendeza macho, hali kadhalika. Lakini kama kuhifadhi ni kukataa kwamba jambo lililowapata watu liwe kama halikutokea, basi mlima ule una haki sawa na kilima cha boma. Mtoto wa Ngara aliyezaliwa baadaye ana haki ya kujua kwa nini mteremko fulani hauna miti mikubwa, babu yake alimpa nani maji, na aliogopa nini usiku. Na mtu wa Rwanda aliyezaliwa juu ya kilima kile ana haki ya kusikia kwamba mahali alipozaliwa palikuwapo.

Kwa hiyo yaonekana kwamba wajibu wa walio hai haulingani kwa kila kitu; hufuata namna kitu kilivyodumu au kilivyokatwa. Kwa ukuta, wajibu ni kuutengeneza na kuusemea kweli: kilichofanyika ndani yake, mikono ya nani iliujenga, na ni nani aliyekuwa akitawala kilima na nchi ile kabla yake. Ukuta unaotunzwa bila ya maneno husema uwongo kwa kunyamaza. Kwa makao ambayo watu wangali wakiishi ndani yake, wajibu ni kuwaachia wenyewe uamuzi, na kuwasaidia kwa mali na kwa ujuzi pale wanapotaka kuendeleza desturi, si kuwazuia pale wanapotaka bati. Mlima uliobadili mapaa lakini ukabakiza majina yake, makaburi yake, kisima chake na desturi ya kuitana siku ya kazi, haujapotea. Mlima uliobakiza mapaa kwa ajili ya wageni huku majirani hawaitani tena, huo umepotea, hata ukipigwa picha namna gani.

Na kwa makao yaliyokatwa kwa nguvu, wajibu ni kuandika. Wale waliohamishwa kwa ajili ya malale wamekwisha karibu wote. Waliohamishwa wakati wa operesheni ya vijiji ni wazee. Waliovuka daraja la Rusumo wakiwa watoto ni watu wazima wenye watoto. Kila mmoja ana majina ya vilima ambayo hayamo katika ramani, ya Kihangaza, ya Kishubi au ya Kisubi, na ndani ya kila jina limo tukio, ukoo au alama ya nchi. Kazi ya kuyakusanya majina hayo haihitaji saruji wala amri ya Waziri. Yahitaji kijana aliyesoma arudi mlimani kwao, akae ugani na wazee, aulize taratibu, na aandike kila anachoambiwa, hata kile ambacho hakimpendezi.

Pengine siku moja, juu ya kilima cha Biharamulo, mgeni ataonyeshwa ukuta kama anavyoonyeshwa leo, kisha mwenyeji wake amgeuze ili autazame upande wa pili, kwenye vilima visivyo na jengo lolote la kale, amtajie kimoja kimoja kwa jina, na kwa kila jina amweleze ni nani aliyekaa pale na kwa nini hayupo. Vilima havitakuwa vimepata jengo. Lakini mgeni hataweza tena kuondoka akisema kwamba habari ya nchi hii ilianza na ukuta, na wale waliokaa chini ya nyasi watakuwa wamelipwa sehemu ya haki yao.